Tumaini na Gamba: Kuhusu Kuanza Mwaka katika Riwaya Mbili za Kezilahabi

Utangulizi

Kila ufikapo mwezi wa Januari, walimu wa Kiswahili wa Bujumbura hupokea insha zenye kichwa kimoja. Mwanafunzi huandika kwamba mwaka wa kale umekwenda na taabu zake na mwaka mpya umekuja na neema zake. Kwamba ana furaha isiyo kifani. Kwamba anatumaini yeye atafaulu mtihani, wazazi wake watapata afya na nchi itapata amani. Sarufi mara nyingi haina dosari. Hata hivyo, tukizisoma insha arobaini kwa mfululizo, twaona kana kwamba zote zimeandikwa na mtu mmoja, na mtu huyo hayumo darasani.

Hatuna nia ya kuwacheka wanafunzi. Wameiga waliyoyasikia redioni, waliyoyaona katika kadi za salamu, na waliyoyasoma katika mashairi ya magazeti ambayo kila mwaka huukaribisha mwaka kama mgeni mwenye mizigo ya zawadi. Jambo linalotushughulisha ni jingine. Vijana hawa ni wa nchi ambayo vita vyake vilivyoanza mwaka 1993 bado vinasimuliwa katika kila ukoo. Nchi iliyotia saini mapatano ya amani mjini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, kisha ikatikisika tena mwaka 2015. Mwaka 2024 wengi wao waliyaona maji ya Ziwa Tanganyika yakiingia katika nyumba za Gatumba, na mwaka huo huo waliziona foleni za magari yaliyokosa petroli. Kijana aliyeyaona hayo, akiandika tu kwamba mwaka mpya utaleta neema, ama hasemi kweli, ama hajapewa lugha ya kusema kweli. Tukiwa walimu wa lugha, hilo la pili latuhusu.

Kwa hiyo swali la makala haya ni hili: fasihi ya Kiswahili yatufundisha nini juu ya tumaini la kweli, na yatupa kipimo gani cha kulitenga na tumaini la mdomoni? Tutajaribu kulijibu kwa kuzitazama riwaya mbili za Euphrase Kezilahabi, yaani Dunia Uwanja wa Fujo (1975) na Gamba la Nyoka (1979). Lakini kwanza yafaa tuyapime maneno yenyewe, na tuzitazame desturi mbili za kufungua mwaka, moja ya kwetu Burundi na nyingine ya Unguja.

Maneno yenyewe

Kiswahili kina maneno matatu yaliyo jirani: tamaa, taraja na tumaini. Tamaa ni neno lenye sura mbili. Methali yatuonya kwamba tamaa mbele, mauti nyuma. Papo hapo mtu aliyevunjika moyo husemwa kuwa amekata tamaa, kana kwamba tamaa ndiyo kamba iliyokuwa imemshika asianguke. Taraja ni kungojea jambo ambalo mtu ana sababu ya kulingojea: mkulima hutaraji mvua kwa kuwa msimu umefika. Tumaini lina kitu zaidi ya hayo. Mtu humtumaini mtu mwingine, au hulitumaini neno lake. Ndani ya tumaini mna imani kwa fulani, na imani yaweza kusalitiwa. Ndiyo maana insha isemayo “natumaini” bila kutaja ni nani anayetumainiwa, na kwa sababu gani, huwa imesema tamaa tu na kuivika nguo ya tumaini.

Kirundi chatuongezea somo ambalo Kiswahili hakina. Sisi tuna jana na kesho; Kirundi kina ejo, neno moja kwa siku zote mbili, na njeo ya kitenzi ndiyo inayomwambia msikilizaji ni ipi iliyokusudiwa. Mwanafunzi wa Kirundi ajifunzaye Kiswahili hukosea hapo mara kwa mara, nasi humsahihisha. Lakini kabla ya kumsahihisha yafaa tumwoneshe utajiri alio nao: katika lugha ya mama yake, kesho haitofautiani na jana kwa jina, hutofautiana kwa kitendo.

Desturi mbili za kufungua mwaka

Katika ufalme wa Burundi, mwaka ulifunguliwa kwa umuganuro, sikukuu ya kupanda mtama, uitwao amasaka kwa Kirundi. Sikukuu hiyo ilifanyika katika majira ya Desemba, penye makao ya mwami, na ngoma kuu ya Karyenda, iliyokuwa alama ya ufalme wenyewe, ilikuwa na sehemu yake katika shughuli hizo. Raia walingojea ruhusa ya mwami ndipo wapande. Utawala wa kikoloni na wamisionari hawakuipenda, na ilikoma mwishoni mwa miaka ya 1920, zamani za Mwami Mwambutsa wa Nne. Ngoma zilibaki. Gishora, karibu na Gitega, bado panatunzwa kuwa mahali patakatifu pa ngoma, na mwaka 2014 UNESCO iliiingiza ngoma ya kifalme ya Burundi katika orodha ya urithi wa binadamu wote.

Tusiipambe sikukuu hii kupita kiasi. Ilikuwa pia sherehe ya mamlaka: aliyetoa ruhusa ya kupanda alikuwa akiwakumbusha watu ni nani mwenye nchi. Lakini tukitazama mpangilio wake, twaona jambo ambalo kadi za salamu hazina. Mwaka haukufunguliwa kwa kupokea. Ulifunguliwa kwa kutoa mbegu ghalani, mbegu ambayo ingeweza kuliwa siku ile ile, na kuizika katika udongo kwa miezi mingi. Tumaini lilikuwa na gharama, na gharama ililipwa mwanzoni.

Desturi ya pili ni Mwaka Kogwa wa Makunduchi, kusini mwa Unguja. Asili yake huhusishwa na Nauruzi ya Waajemi, na hesabu yake ni ya jua, yenye siku 365 bila siku ya kuongeza. Kwa sababu hiyo tarehe yake husogea polepole katika kalenda ya kawaida, na siku hizi huangukia mwezi wa Julai. Wanaume hupigana kwa vigogo vya migomba, na kwa maelezo ya wenyeji mapigano hayo huondoa vinyongo vya mwaka uliopita. Kibanda cha makuti huchomwa moto. Wanawake hupita wakiimba. Watu huoga, na hapo ndipo lilipotoka neno kogwa. Kisha ni vyakula, na mgeni hukaribishwa kwani kumwacha mgeni na njaa siku hiyo ni aibu.

Hapa nako mpangilio ndio wenye maana. Ugomvi hutangulia furaha. Jamii haijifanyi kwamba mwaka wa kale haukuwa na chuki. Huileta chuki uwanjani, hadharani, mbele ya macho ya wote, na huipa silaha isiyoua. Baada ya hapo tu ndipo watu huoga na kula pamoja.

Kutokana na desturi hizi mbili twapata kipimo chetu. Tumaini la kweli hutoa kitu kabla halijapokea; na tumaini la kweli hufanywa hadharani, pamoja na wale tuliogombana nao. Sasa tuzipime riwaya.

Tumaini, jina na mtu

Kezilahabi alizaliwa mwaka 1944 katika kisiwa cha Ukerewe, akasomesha katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na baadaye Botswana, akafariki tarehe 9 Januari 2020. Wahakiki wengi wamemwita mwandishi wa kukata tamaa, na ushahidi wao ni mzito. Rosa wa Rosa Mistika (1971) anajiua. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) anajiua. Katika Dunia Uwanja wa Fujo mhusika mkuu hajiui, bali ananyongwa kwa hukumu ya serikali, na jina lake ni Tumaini.

Ni vigumu kupata jina lililo wazi kuliko hilo. Tumaini anarithi mali ya baba yake, na mali hiyo anaitapanya mjini kwa anasa na marafiki wa sahani. Kisha anajirudi. Anaanza upya, anageuka mkulima mkubwa, analima, anaajiri, anatajirika. Msomaji wa kawaida hufurahi hapo, kwani hadithi ya mpotevu aliyejirudi hupendwa na watu wote. Lakini riwaya haiishii hapo. Siasa iliyotokana na Azimio la Arusha la mwaka 1967 inafika mpaka shambani kwake. Mali aliyoikusanya inatakiwa iwe ya umma. Tumaini anamwua kiongozi wa serikali, naye anahukumiwa kufa. Wasomaji wengi wameukumbuka mkasa halisi wa siku ya Krismasi ya mwaka 1971, ambapo Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dakta Wilbert Klerruu, aliuawa na mkulima Said Mwamwindi.

Je, mwandishi amelinyonga tumaini? Hilo ndilo swali ambalo wanafunzi huuliza, na jibu la haraka ni ndiyo. Sisi twaona jibu hilo halitoshi. Tukimpima Tumaini kwa kipimo cha umuganuro na cha Makunduchi, twaona kwamba kila alipoanza upya alianza peke yake. Alipotapanya, alitapanya mali ambayo hakuitolea jasho. Alipojirudi, hakurudi kwa watu, alirudi kwa mali. Vibarua wake walikuwa mikono tu, na shamba lilikuwa kasri lake. Kuacha ulevi na kuanza kilimo ni badiliko la tabia, na ni badiliko jema. Lakini tamaa iliyokuwa ikinunua anasa ndiyo iliyonunua ekari. Jina lake lilikuwa Tumaini, na kilichomwendesha kilikuwa tamaa. Kwa maana hiyo mwandishi amefanya kazi ambayo kamusi haiwezi: amelitenga neno moja na jirani yake kwa kuliweka ndani ya maisha ya mtu.

Hata hivyo tuna neno la kumlaumu mwandishi. Kwanza, jina hilo hupiga kelele. Msomaji akishalijua, humtazama mhusika kama alama, na mara nyingine mwandishi mwenyewe humsahau mtu na kuhubiri kwa kinywa chake. Pili, na hili ni zito zaidi, kifo hukata mjadala. Riwaya inampima mkulima kwa ukali, lakini haimpimi kwa ukali huo huo yule ajaye na karatasi ya serikali mkononi. Je, yeye naye hakuwa na tamaa? Je, mwenye kutangaza maisha mapya kwa amri ana haki gani ya kudai atumainiwe? Riwaya ya mwaka 1975 inaliacha swali hilo mlangoni. Miaka minne baadaye mwandishi alirudi kulichukua.

Gamba na nyoka

Gamba la Nyoka inahusu vijiji vya Ujamaa. Mwezi wa Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kuwa kuishi vijijini ni amri, na kwamba kazi hiyo iwe imekwisha kabla ya mwaka 1976 kumalizika. Katika riwaya, wanakijiji wanaokataa kuhama wanakutana na nguvu. Wasomi wawili vijana, Mambosasa na Mamboleo, wanajikuta kati ya fikra walizozipata shuleni na watu waliowazaa. Majina yao ni kejeli ya kimya kimya. Moja latangaza mambo ya sasa, la pili mambo ya leo; na msomaji mzee atakumbuka kuwa Mambo Leo lilikuwa gazeti la serikali ya kikoloni ya Tanganyika tangu mwaka 1923. Upya una historia ndefu ya kutangazwa na wakubwa.

Kichwa cha riwaya ndicho chenye utajiri. Watu wengi hukifasiri hivi: nyoka hubadili gamba, lakini hubaki nyoka, basi viongozi hubadili maneno, na dhuluma hubaki ile ile. Fasiri hii ina nguvu, na maisha yameithibitisha nje ya kitabu. Mwaka 2011 chama tawala cha Tanzania kilipozungumzia kujisafisha, neno lililoenea lilikuwa kujivua gamba, na papo hapo likaingia katika utani wa mitaani.

Lakini ziko maana nyingine mbili ambazo twapenda walimu wazioneshe. Nyoka asiyebadili gamba huugua, na aweza kufa. Gamba kavu lililoachwa njiani ni dalili kwamba kiumbe kimekua na ngozi ya kale haikimtosha. Kwa hiyo mwandishi hakulidhihaki badiliko lenyewe. Jamii isiyobadilika nayo hupasuka. Aidha, gamba hutoka kwa sababu jipya limekwisha kukua chini yake. Hakuna mtu awezaye kumchuna nyoka akasema amemfanya upya. Hapo ndipo penye hukumu ya riwaya dhidi ya uhamishaji wa nguvu: mpango ulikuwa na maneno mema, zahanati na shule zilihitajika kweli, lakini ngozi ilivuliwa kutoka nje kabla ya mpya kuota. Swali lililoachwa mlangoni mwaka 1975 limejibiwa. Tumaini la mtu mmoja pweke ni tamaa. Na tumaini la watu wote linaloletwa kwa rungu si la watu wote.

Kwa fani pia Gamba la Nyoka imekomaa zaidi. Uzito umegawanywa kati ya wahusika wengi, vijana kwa wazee, wanawake kwa wanaume, na mwandishi hahitaji kumwua mmoja ili tumwelewe. Mahubiri yamepungua, kicheko kimeongezeka, na kicheko hicho ni cha uchungu.

Msomaji wa Burundi ana njia yake mwenyewe ya kukiingia kitabu hiki. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 waliwekwa katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo huko Tanzania, katika muongo ule ule wa vijiji vya Ujamaa. Walipewa msitu, wakaufyeka, wakaulima. Tangu mwaka 2008 zaidi ya 50,000 kati yao na wazao wao walirudi Burundi, na zaidi ya 160,000 walipewa uraia wa Tanzania. Watoto wa waliorudi wameingia katika madarasa yetu wakiwa na Kiswahili kilichonyooka na Kirundi cha kubabaika, na wengine wamekuta mashamba ya babu zao yakilimwa na watu wengine. Kwao, kuanza upya si neno la kadi. Ni kukaa barazani na jirani aliyelima shamba la babu yako kwa miaka thelathini, ambaye naye ana watoto, na kutafuta maneno yasiyoua. Tukiwapa Gamba la Nyoka wayasome, watamwelewa mwanakijiji anayehamishwa kuliko tunavyomwelewa sisi tunaowafundisha.

Darasani

Mwenzetu mmoja aweza kusema kwamba tunawanyima watoto haki ya kutakiana heri. La, hasha. Heri ni adabu, na adabu si uongo. Jirani akikutakia mwaka mwema, mjibu kwa moyo mkunjufu. Ila salamu ni salamu na insha ni insha. Salamu yatosha kuwa fupi na ya wote. Insha hudai mwandishi awemo ndani yake.

Twapendekeza basi mambo machache. Mwalimu asitoe kichwa “Matumaini yangu ya mwaka mpya”, bali aulize: mwaka huu utampa nani kitu gani ambacho wewe mwenyewe unakihitaji? Mwanafunzi wa Buyenzi atakayeandika kuwa kila Jumamosi atamfundisha mdogo wake kusoma, siku ambayo angependa kwenda ufukweni, ametoa mbegu ghalani. Tena, mwalimu achukue sentensi kama “mwaka huu utatuletea amani” na kuwauliza wanafunzi ni nani mtenda. Mwaka hauleti. Wakilazimika kumtafuta mtenda wa kitenzi, watajikuta wametoka katika sarufi na kuingia katika maisha, nao watakuwa wamejifunza mambo mawili kwa wakati mmoja. Mwisho, wanafunzi wa madarasa ya juu walinganishe Tumaini na Mambosasa, kisha wajadili kwa hoja, na mwalimu asiwe na haraka ya kufunga mjadala.

Hitimisho

Tumeona kuwa Kezilahabi hakuwa mwandishi wa kukata tamaa, ikiwa kwa neno hilo twamaanisha mtu asiyeamini kwamba binadamu aweza kuanza tena. Alichokataa ni upya wa bei rahisi, uwe wa tajiri pweke au wa amri ya serikali. Riwaya hizi hazimwoneshi msomaji tumaini lililotimia. Humwonesha mahali lilipopotea, na kazi ya kulitafuta humwachia yeye.

Kwetu sisi walimu wa Bujumbura, kazi hiyo ina sura ndogo na ya kila siku. Tangu Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, Kiswahili kimepata nafasi shuleni ambayo hakikuwa nayo, nacho si tena lugha ya soko na ya mitaa ya Buyenzi pekee. Tusikitumie kuwafundisha watoto kusema uongo kwa ufasaha. Tuwape vitenzi vyenye watenda. Kisha insha zao za Januari zitakuwa fupi zaidi, zenye makosa zaidi pengine, na zitaandikwa na wao wenyewe.